Matanga ya Koloni la Kichuguuni

Ipo nchi, au haipo, shauri yako. Mimi nakupa kama nilivyopewa. Inaitwa Kichuguuni. Ni kilima kimoja tu na watu wake, na kwa miaka tisini na tisa kilima hicho kilikuwa chini ya Dola ya Ng'ambo, iliyokikodi kutoka Jamhuri Tukufu ya Bondeni kwa sababu ambayo pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kuisahau. Zilipobaki siku ishirini mkataba uishe na kilima kirudishwe, wakubwa waliona ni vyema wenyeji nao waambiwe. Siku ishirini ni nyingi, walisema. Mtu hufunga sanduku kwa siku moja.

Juu ya kilima hicho aliishi Bi. Mashavu, dobi. Alifulia chemchemini, penye mawe matatu aliyoachiwa na mama yake, na kwa mawe hayo alikuwa amelea watoto watano na mume mmoja mvivu. Nguo za kilima kizima zilipita mikononi mwake, tangu kanzu za Shomvi kinyozi hadi suruali za ndani za Bwana Gavana, ambazo hatutazizungumzia. Hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo moja: hakuna doa lililowahi kumshinda. Damu, lami, utomvu wa ndizi, wino wa serikali, yote aliyatoa, na mwenye nguo akaulizwa kwa sauti mbele za watu limetoka wapi.

Habari za kurudishwa zilipofika, watu wengine waliulizana kuhusu bendera na wimbo wa taifa. Bi. Mashavu aliuliza kuhusu mawe yake. Alikuwa na sababu. Kule Bondeni kila chemchemi ni mali ya Jamhuri. Huzungushiwa seng'enge, ikawekewa askari, na dobi akitaka kufua huandika barua, akasubiri jibu mpaka nguo zipitwe na mtindo. Dada yake aliyeolewa huko aliandika barua ya namna hiyo alipokuwa mwari. Sasa ana wajukuu, na bado anasubiri.

"Mimi sitaki makuu," alimwambia jirani yake Kidawa, muuza maandazi. "Nataka kujua neno moja. Siku ya ishirini na moja nitafulia pale au sitafulia?"

"Waulize wakija," alisema Kidawa. "Wanakuja kutuambia."

Na kweli walikuja.

Dola ya Ng'ambo ilimtuma Mjumbe Maalumu wa Utulivu, Lodi Pamfrezi, mzee mrefu aliyekuwa amekwisha kutuliza makoloni kumi na moja, mengine mara mbili. Alikuja na kitabu chake, Mwongozo wa Kutuliza Nyoyo za Wenyeji, toleo la sita. Mwongozo ulikuwa wazi kabisa. Kwanza, wajumbe wawe watatu, wavae nguo zao nzuri kuliko zote. Pili, waketi, waombe maji, wanywe, ili wenyeji waone kwamba wanaaminiwa. Tatu, mkubwa wao asafishe koo na kusema: Msiwe na wasiwasi, kila kitu kiko sawa, hakuna kitakachobadilika.

Hapa inabidi nisimame kidogo nikueleze desturi ya Kichuguuni, maana bila hiyo utawaona watu hawa ni wendawazimu.

Kichuguuni msiba hautajwi kwa jina. Mtu akifa mbali na kwake, jamaa huchagua watu wazima watatu. Huvaa nguo za kutokea, wakaenda kwa mfiwa. Huketi, wakaomba maji, wakanywa. Kisha mkubwa wao husafisha koo akasema, "Usiwe na wasiwasi, kila kitu kiko sawa, hakuna kitakachobadilika." Hapo mwenye nyumba hushika kichwa akaangua kilio, maana amekwisha kuelewa. Tangu hapo ni matanga siku saba, na katika siku hizo hakuna kupika, kunyoa wala kufua hata leso, mpaka tanga lianuliwe. Mambo yakiwa salama watu hawatulizani hata kidogo. Hugombezana. Mtu akija kwako asubuhi akakufokea, "Wewe, ungo wangu utaurudisha lini?" unashukuru Mungu, kwa sababu hakuna adaiye ungo kwa mfiwa.

Basi Lodi Pamfrezi alipanda jukwaani pale uwanjani, yeye na Gavana na Mkuu wa Tarumbeta, wote watatu katika magwanda meupe yenye vifungo vya dhahabu. Watu walipoona idadi yao wakaanza kunong'onezana. Walipoketi, minong'ono ilikoma. Lodi alipoomba maji, Kidawa alimshika Bi. Mashavu mkono.

"Jamani," alisema. "Nani huyo?"

Lodi alikunywa, akasafisha koo, akasema maneno yake. Mkalimani wake, Karani Feruzi, mzaliwa wa palepale kilimani, mwenye kipara na miaka thelathini kazini, aliyatafsiri yote bila kukosea hata moja.

Loo! Kilio kilichoangushwa siku ile kilisikika Bondeni. Wanawake walivua vilemba, wanaume walikaa chini vumbini. Shomvi kinyozi alizirai, akamwangukia muuza mkaa, naye akazirai kwa heshima. Watu walikuwa hawajajua nani amekufa, ila kwa ukubwa wa wajumbe walikisia ni nchi yenyewe.

Bi. Mashavu naye alilia, lakini hakusahau shida yake. Alipanguza kamasi, akainua mkono. "Bwana Mkubwa, mimi ni dobi. Nauliza mawe yangu ya chemchemini. Yatakuwa yangu au hayatakuwa?"

"Swali la mama ni zuri sana," alisema Lodi. "Ni zuri kiasi kwamba serikali zote mbili zimekubaliana kulihifadhi. Suala la maji ni suala la maji, na mawe yataangaliwa kwa jicho la mawe. Asiwe na wasiwasi."

"Na mimi pia nimekufa!" alipiga ukelele Bi. Mashavu, na Kidawa akamchukua kumrudisha nyumbani.

Jioni Lodi aliandika simu kwenda Ng'ambo: *Hotuba imepokelewa kwa machozi ya furaha. Wawili wamezirai kwa imani. Naomba idhini ya kutuliza zaidi.* Idhini ilikuja kabla simu haijapoa.

Siku ya sita ya matanga, watu wakihesabu kesho waanue wapate walau uji, ikaja zamu ya Bondeni. Jamhuri Tukufu haikutaka kuonekana haina utulivu. Ilimleta Ndugu Waziri Lwimbo, mtu mnene wa tabasamu, mzaliwa wa mji mkuu, aliyekuwa hajakanyaga kilima maishani mwake. Yeye pia alikuwa na mwongozo. Ulikuwa uleule; walikuwa wameazima wakaupiga chapa upya, jalada jekundu. Alikuja na wenzake wawili, wakaketi, wakaomba maji.

"Ndugu zangu," alisema Waziri baada ya yale maneno matatu, na watu walikuwa wanalia upya. "Jamhuri inawaheshimu. Mtaendelea kuishi mnavyoishi. Hatutagusa hata kuku wenu!"

Kilio kikakatika ghafla. Watu wakatazamana.

"Nani kamtaja kuku?" aliuliza Shomvi.

Hakuna aliyekuwa amemtaja. Ndani ya robo saa hapakuwa na kuku aliyeonekana nje Kichuguuni nzima. Wengine walitiwa chini ya vitanda, wengine katika mitungi. Matanga yakaanza kuhesabiwa upya, siku ya kwanza. Na Waziri akaandika kwao kwamba wenyeji wamekimbilia majumbani kuandaa karamu.

Lodi aliposikia kwamba Waziri ameliza watu zaidi yake, aliona wivu, akatuliza tena siku sita baadaye. Kwa hiyo hesabu ikarudi mwanzo mara ya tatu.

Kufikia hapo kilima kilikuwa taabani. Watu walikula vilivyopikwa na wageni wapita njia. Ndevu za wanaume zilifika vifuani, hata Shomvi akawa hatambulikani na mkewe, ambaye alisema afadhali. Nguo chafu zilirundikana. Bi. Mashavu alikaa mlangoni kwake siku nzima, mikono mapajani, akiumwa vidole kwa kukosa kazi. Hofu ilikuwa imemkaa rohoni kama mfupa wa samaki, na zilikuwa zimebaki siku tatu.

Ndipo Gavana alipokuja mwenyewe kwa miguu, Karani Feruzi nyuma yake amebeba furushi.

Gavana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. "Mama Mashavu," alisema, "tuna shida."

Feruzi alifungua furushi. Ndani mlikuwa na gwanda la sherehe la Gavana, lililokuwa jeupe zamani, na bendera mpya ya Bondeni, iliyokuwa nyekundu. Bendera ilikuwa imeletwa kwa punda, punda akaanguka topeni. Kwa kuwa dobi alikuwa matangani, Mkuu wa Tarumbeta aliamua kuvifua yeye mwenyewe, vyote viwili katika sufuria moja, maji ya moto. Sasa gwanda lilikuwa la waridi, na bendera ya waridi, na ilikuwa vigumu kujua kipi ni cha kuvaa na kipi cha kupandisha.

Bi. Mashavu alitazama, moyo ukamwuma. "Nyekundu na nyeupe sufuria moja? Huyo mtu ana mama?"

"Utaweza kuvitengeneza?"

"Naweza. Magadi, ndimu na jua la siku mbili. Lakini sifui, niko matangani."

"Matanga ya nani?" aliuliza Gavana. "Kila nyumba nasikia matanga. Nani amekufa?"

"Si nyie ndio mnaojua! Mmekuja watatu, mmekunywa maji, mmetuambia tusiwe na wasiwasi. Mara tatu! Hata mfalme haliliwi mara tatu."

Ilichukua muda. Mwishowe Gavana alielewa, akaketi juu ya kinu, rangi imemtoka. Alimgeukia mkalimani wake. "Feruzi, wewe ulijua?"

"Nilijua, Bwana Mkubwa. Hata mimi niko matangani. Hii nguo sijabadilisha siku kumi na saba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kazi yangu ni kutafsiri maneno, na maneno niliyatafsiri vizuri."

Gavana alishika kichwa, jambo ambalo majirani waliochungulia walilipokea kwa kwikwi. "Tutawaambiaje sasa kwamba hakuna aliyekufa?"

"Wagombeze," alisema Bi. Mashavu.

"Sijafundishwa kugombeza. Mwongozo unakataza."

"Basi siku ya sherehe vaa waridi." Alikunja mikono. "Na mimi sifui mpaka nijibiwe. Mawe yangu, yatakuwa ya nani?"

Gavana alimtazama Feruzi, Feruzi akatazama juu. Hapakuwa na la kufanya. Gavana alitoa mfukoni ramani yenyewe ya mkataba, iliyochorwa juu ya kitambaa cha kitani, ambayo wajumbe wa serikali mbili walikuwa wameijadili miezi kumi na moja. Aliitandaza juu ya mkeka. Bi. Mashavu hakujua kusoma ramani, lakini Feruzi alimwonyesha kilima, njia, nyumba ya Gavana. Alipofika upande wa chemchemi palikuwa na duara kubwa la rangi ya kahawia.

"Hili nini?" aliuliza Bi. Mashavu.

"Hilo ni ziwa," alisema Gavana. "Ziwa la Kahawia. Ndilo lililotuchelewesha. Bondeni walitaka samaki, sisi tulitaka samaki. Tuligombania visiwa vyake viwili mwezi mzima."

"Ziwa? Kichuguuni?"

"Mimi sijalitembelea," alikiri Gavana. "Nina kifua."

Bi. Mashavu alipiga magoti. Aliliangalia lile ziwa kwa karibu, akalikwaruza ukucha, akalinusa. Kisha akalamba kidole. Gavana alitaka kumzuia, akachelewa.

"Kahawa," alisema Bi. Mashavu. "Ya tangawizi. Kikombe kilikuwa kimevuja chini. Na hivi visiwa vyenu ni makombo ya kashata."

Kuku mmoja alilia ndani ya mtungi. Gavana alihesabu majina yaliyokuwa chini ya ramani.

"Ziwa hili lina saini kumi na nne," alisema kwa sauti ndogo.

"Lina saini, lakini ni kahawa."

Gavana alilisogelea doa, akageuza shingo kutazama kama kuna mtu barabarani. "Mama, ramani hii itatundikwa uwanjani siku ya sherehe. Linatoka?"

Hapo palikuwa pahali pake. Jibu lilikuwa tayari limefika mdomoni mwa Bi. Mashavu, maana kahawa kwenye kitani ni kazi ya mtoto: chumvi, maji baridi, sugua polepole, usitie sabuni kabla. Lakini alijizuia. "Niambie kwanza," alisema. "Likitoka, chini yake pana nini?"

"Chemchemi yako," alisema Feruzi, akisoma vifungu. "Kifungu cha tatu: maji yote yanayoonekana kwenye ramani yatakuwa ya Jamhuri ya Bondeni, nayo yatazungushiwa seng'enge."

"Na lisipotoka?"

"Kifungu cha kumi na nne: kwa kuwa pande mbili zimeshindwa kukubaliana kuhusu Ziwa la Kahawia na vyote vilivyomo, ziwa halikabidhiwi kwa mtu yeyote. Litajadiliwa baadaye."

"Na mawe yangu yamo ziwani?"

"Kwa mujibu wa mkataba, yako chini ya maji, pima kumi na mbili."

Bi. Mashavu alibaki amepiga magoti. Alilitazama lile doa. Vidole vilimwasha kulitoa, haki ya Mungu. Miaka thelathini nguo zilipita mikononi mwake, na hakuna mtu kilimani aliyewahi kumsikia akishindwa. Kidawa alikuwa anachungulia dirishani, na kesho mji mzima ungejua.

"Halitoki," alisema.

"Halitoki?" Gavana alishangaa. "Wewe?"

"Halitoki! Mnanitaka nile kiapo? Limekaa miezi kumi na moja, limeota mizizi. Ramani itundikeni hivyohivyo." Machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya matanga. Dirishani Kidawa alijiziba mdomo.

"Basi," alisema Gavana, na ukweli ni kwamba alipumua. "Kama halitoki, ziwa lipo."

Asubuhi yake Gavana alisimama uwanjani peke yake, katika pajama, bila kuketi wala kuomba maji. Bi. Mashavu alikuwa amemfundisha usiku wake maneno manne, akayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Mwanzo yalimkwama. Kisha alimwona Shomvi na ndevu zake.

"Wewe, Shomvi!" alifoka. "Mkasi wangu wa kucha uliuazima tangu Idi! Utaurudisha lini?"

Uwanja wote ulishtuka. Shomvi aliinuka taratibu, uso unang'aa. "Ananidai!" alisema. "Jamani, ananidai!"

Gavana akaona raha ya jambo hilo. Aliwafokea kwa twanga-twanga za alfajiri, kwa mbuzi waliokula maua yake, kwa harusi moja iliyopigwa ngoma siku tano chini ya dirisha lake, na kwa kutomwalika. Alifoka mpaka kifua kikambana, na watu walimjibu, wakamwambia na yeye tarumbeta lake ni ushenzi. Vigelegele vikapigwa. Tanga likaanuliwa palepale, kuku wakatolewa mitunguni, moshi ukafuka kila jiko. Lodi Pamfrezi, aliyeyaona hayo kutoka barazani, aliandika simu kwamba maasi yameanza, akaondoka kwa farasi wa mtu.

Bi. Mashavu alifua. Siku mbili zilimtosha: gwanda likawa jeupe, bendera nyekundu. Siku ya ishirini bendera moja ilishuka, nyingine ikapanda, Gavana akalia kidogo, akaenda zake na mkasi wake. Ramani ilitundikwa na ziwa lake, na wageni waheshimiwa walilisifu.

Kesho yake alfajiri, Bi. Mashavu alikwenda chemchemini na furushi lake. Hakuwa ameshika sabuni bado alipoona askari wa Bondeni thelathini wakipanda kilima, mabega yamebeba seng'enge. Aliingia majini hadi kiunoni. Aliketi juu ya jiwe la kati akalishika kwa mikono miwili.

Hatua ishirini kabla ya kumfikia, kapteni wao alinyanyua mkono. Alikuwa na nakala ya ramani. Aliitazama, akatazama majani makavu mbele ya buti zake, akaitazama tena.

"Simama!" alisema. "Hapa ndipo ufuko. Mbele ni ziwa, pima kumi na mbili."

"Afande, mbele kuna mwanamke," alisema askari mmoja.

"Namwona. Anazama. Si katika madaraka yetu." Alikunja ramani. "Kanuni hairuhusu askari wa miguu kuingia ziwani bila mtumbwi. Nani ana mtumbwi?"

Hakuna aliyekuwa na mtumbwi. Walimpigia saluti, kwa kuwa alikuwa anazama, wakageuka, wakashuka na seng'enge yao.

Habari zilitembea. Jua lilipochomoza sawasawa, kilima kizima kilikuwa pale na ndoo. Walimkuta Bi. Mashavu bado ameketi juu ya jiwe lake, amelowa hadi kiunoni, anacheka na kulia. Feruzi, ambaye sasa hakuwa karani wa mtu, aliwasomea kifungu cha kumi na nne, akaeleza kwamba nchi nzima imekabidhiwa ila hapo, hatua ishirini kila upande, na katika hatua hizo hakuna serikali isipokuwa aliyeketi.

Watu waliweka ndoo chini. Walisogea kidogo, wakajipanga bila kuambiwa, na baadhi ya wanaume wakavua kofia. Bi. Mashavu aliiangalia kanga yake iliyolowa, akaona aibu.

"Bi. Mashavu," alisema Shomvi, kidevu chake kipya kinang'aa. "Sasa mwenyewe ni wewe. Na sisi, maji tutakuwa tunachota? Je, wakija na mitumbwi?"

Nyuso zote zilimgeukia. Alizijua zote, na nguo zao, na madoa yao. Alitamani sana kuwaambia neno zuri, na neno lilikuwa pale pale ulimini, tamu, limekwisha kutumika na wakubwa wote waliomtangulia. Alilimeza.

"Sijui," alisema.

Hakuna mtu Kichuguuni aliyewahi kumsikia mkubwa akisema hivyo. Watu walilipokea neno lile, wakaligeuzageuza vichwani. Hakuna aliyelia.

"Sijui kama watakuja," aliendelea Bi. Mashavu, "na wakija sijui tutafanya nini. Tutakaa tushauriane. Ninachokijua mimi ni kwamba Kidawa amekuja wa mwisho na ndoo yake iko ya kwanza. Wewe Kidawa, rudi nyuma!"

Kidawa alirudi nyuma huku ananung'unika, na foleni ikaanza kusogea.